Petali ya Kushoto

Petali ya kushoto ilikuwa nyeupe. Zote tano zilikuwa nyeupe, zimeoshwa, zinang'aa kama sahani za harusi, na nyuma yake mbingu ya bluu ambayo kijiji chetu cha Gendabi hakiijui mwezi wa Desemba. Bango la ua hilo lilikuwa limeshatundikwa ukutani mwa ukumbi wa kigango. Watu walikuwa wakipanga mabenchi kwa ajili ya misa ya kumbukumbu, na Theodory, mwenye studio aliyelichapa, alikuwa juu ya ngazi akinyoosha pembe.

Sikumwamkia.

"Hhando, siku hizi shikamoo imepanda bei?" aliuliza bila kugeuka.

"Nani alikuambia uguse picha yangu?"

Mwaka uliotangulia mlima uliteremka. Sina namna nyingine ya kulisema. Tulizoea kuutazama Hanang kama jirani mkubwa anayetuletea mvua. Asubuhi ile ukaja wenyewe, na mawe yake, na magogo yake, na tope zito lililopita juu ya nyumba yetu na kuacha kona moja tu ya bati. Mama na mimi tulikuwa msibani Gitting. Mdogo wangu Irene alibaki nyumbani. Hatukupata cha kuzika.

Picha yake tuliyobaki nayo ni ile ya darasa zima, ambamo uso wake ni mdogo kuliko punje ya mtama. Anatambulika kwa sweta. Wote wamevaa rangi ya damu ya mzee, lakini mkono wa kushoto wa sweta la Irene umekoza zaidi, unaelekea wekundu, kwa sababu Mama ndiye aliyelifuma na uzi ulimwishia begani. Alimalizia na uzi mwingine. Irene alinuna wiki nzima. Mama akamwambia, "Angalau nitakujua hata ukiwa mbali."

Mvua zilipokwisha, juu ya lile tope majani yaliota, halafu yakaja maua ambayo hakuna aliyeyapanda: meupe, petali tano, yamelala chini kama karatasi zilizodondoka. Asubuhi moja nilipiga magoti kando ya bati letu nikapiga picha moja kwa simu.

Sikutaka ipendeze. Nilipoihariri simuni nilififisha anga mpaka likawa kijivu, nikalizamisha tope kwenye weusi, kutu ya bati nikaiacha kama ilivyo. Kisha nilitandika kizingitini, pale tulipohifadhiwa, mabaki ya nyuzi za Mama yaliyosalimika kwenye kapu alilokwenda nalo msibani, nikayapiga picha katika mwanga uleule wa asubuhi, nikanyonya rangi zake na kuzilaza juu ya ua, tabaka jembamba juu ya tabaka, ili mishipa ya petali isipotee. Petali nne nilizipa damu ya mzee. Ya kushoto nikaipa ule uzi mwingine. Nilifuta na kuanza upya mara nyingi hata macho yakawa yanawasha.

Nilipomwonyesha Mama, aliweka vidole kwenye petali ya kushoto. Picha ikakua, ikajaa kioo chote. Hakuviondoa.

Kamati ya misa ilipotaka picha ya kutundika, nilitoa ile. Mama aliwaambia wanawake wenzake kwamba siku hiyo Irene naye atakuwepo ukutani.

"Nimekusaidia," Theodory alisema akishuka ngazi. "Ilikuwa giza. Bati bovu katikati, petali moja imeshika rangi vibaya. Watu wanakuja kufarijiwa, bwana mshairi, si kutishwa."

"Haikushika vibaya. Niliipaka hivyo."

"Basi wewe ndiye uliyeanza uongo. Panda kule juu uangalie. Ua lile ni jeupe. Mimi nimelirudishia rangi yake tu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mimi ninayetunga beti kichwani nikichunga ng'ombe, nikazisahihisha kabla hawajafika mtoni, niliziacha beti zote nikausogelea ukuta. Huyu huyu ndiye aliyenifundisha kuhariri, na alikuwa amemfuta dada yangu kwa kidole kimoja, akisubiri shukrani. Nilishika pembe ya bango nilipasue.

"Hhando. Acha."

Mama alikuwa mlangoni na kapu lake. Alitazama bango ukutani.

"Wamemvua sweta," alisema.

Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa. Aliyecheka akaanza kuhangaika na benchi. Theodory alinitazama mimi, akamtazama Mama, na niliona jambo likimfikia usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumnyima. "Lishusheni."

Tulilishusha. Kwenye kapu alikuwa na nyuzi zile mbili, alizozileta azifunge kwenye msalaba wa maua, na sindano nene ya kuunganishia mikono ya sweta. Aliketi benchini, akatunga uzi.

"Mama, litachanika," Theodory alisema. "Naweza kulichapa upya."

"Misa ni sasa hivi. Shika pembe hiyo, livute. Hhando, na wewe."

Tulilivuta, Theodory huku, mimi kule, tukitazamana juu ya mikono ya Mama. Sindano ilipenya plastiki kwa mlio mdogo, ikarudi, ikapenya. Watu waliingia wakakaa. Padri alivaa, akatoka, akatukuta, akarudi sakristia kusubiri. Petali ya kushoto Mama aliiacha ya mwisho. Alibadilisha uzi, akaijaza polepole kuliko zote, kisha akaukata kwa meno.

Theodory alishika pembe yake mpaka mwisho. Sikumwamkia siku ile, na hata leo tukikutana sokoni Katesh namtazama viatu. Bango bado liko ukumbini, na ile mbingu yake ya bluu ya uongo. Upepo ukiingia dirishani, mafundo ya uzi yaliyo nyuma hukwaruza ukuta.