Jibu la Tatu

Kijijini kwetu Murukulazo hakuna asiyejua kwamba mimi, Minani, ni mkali. Nimewahi kumfukuza bwana shamba kwa kukanyaga maharage yangu, na mbuzi wa jirani wakiniona tu wanabadili njia. Kwa hiyo kope zangu zilipoanza kudondoka zenyewe mchana, hakuna aliyenionea huruma. Walisema, "Mzee leo kalewa mapema." Na walisema hivyo nawasikia!

Sikuwa nimelewa. Asubuhi nilikuwa mzima kabisa, napalilia migomba na kutukana tumbili. Jua likipanda, jembe linakuwa zito. Ikifika jioni mkono haupandi hata kufika dirishani. Nikila nyama, taya linachoka katikati ya kutafuna, inabidi nilishikilie kwa kiganja. Maji nayo nikiyanywa yanatokea puani. Mke wangu, Speciosa, akasema, "Baba Priscila, twende hospitali."

"Nikawaambie nini?" nikamjibu. "Kwamba asubuhi mimi mzima, jioni mimi mgonjwa? Si watanicheka!"

Hapo nilikuwa najifanya jasiri tu. Hofu ilikuwepo, ila nilikuwa na jambo kubwa mbele yangu. Binti yetu wa pekee, Priscila, alikuwa ameposwa na kijana wa Biharamulo anayeitwa Wiston, fundi wa pampu za maji, kijana mpole asiyejua kujibizana. Sasa, ukoo wetu una desturi yake. Wakwe wakija, baba wa binti huulizwa mara tatu kama amemtoa mwanawe, na mara zote tatu hujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Marehemu baba aliwajibu wakwe wa dada zangu wote. Mimi nilijaliwa mmoja tu, na huyo mmoja nilitaka nimtoe mwenyewe. Nikilazwa hospitali, atajibu mdogo wangu Juvenali. Na Juvenali, Mungu amjalie, hata akiombwa kubariki chakula wali unapoa.

Wakwe walifika mchana na gari aina ya Noah. Mbele yao alikuwa Pancras, baba yake Wiston, mzee mrefu mwenye koti la kahawia na macho yasiyopitwa na kitu. Shikamoo zikapita, marahaba zikajibiwa, wakakaa. Speciosa akaleta chungu cha pombe ya ndizi tuliyoikamua wenyewe, na mirija mipya.

Huku kwetu mgeni hanywi kabla mwenye nyumba hajaonja. Sababu yake kila mtu anaijua ingawa hatuisemi: mgeni apate kuona kwamba chunguni hakuna kitu kibaya. Nikainama, nikatia mrija mdomoni, nikavuta. Loo! Midomo haikushika. Hewa inapita pembeni. Pombe ikapanda mpaka nusu ya mrija, ikarudi ilikotoka. Nikavuta tena. Na kope nazo zikachagua wakati huohuo kushuka, moja ikafunga kabisa. Ukiniangalia ulikuwa unamwona mtu anayejifanya anakunywa, tena kwa madharau, jicho kalifumba.

Pancras akaangalia chungu. Pombe ilikuwa palepale. "Mzee mwenzangu," akasema polepole, "mbona hunywi?"

Nilitaka kumwambia, "Nimeshindwa." Sauti ikatokea puani kama ya mtu anayemwigiza mwenzake kwa kejeli. Vijana wawili wa kwao wakatazamana. Msemaji wao akaweka mrija wake chini.

Speciosa si mwanamke wa kungoja. Aliunyakua mrija wangu. "Mnadhani tumewatilia sumu? Haya, tazameni!" Akavuta, akavuta, mashavu yakabonyea, mpaka wakwe wenyewe wakaanza kusema, "Basi mama, basi, inatosha." Akajifuta mdomo na kusimama mbele yao mikono kiunoni. Nilimpenda siku ile kuliko siku tuliyofunga ndoa.

Lakini Pancras akatikisa kichwa. "Wewe, mama, tumekuona. Mwenye nyumba ndiye hatujamwona." Wakanyanyuka, wakaaga kwa adabu ile inayouma kuliko matusi, wakaelekea garini.

Hapo hasira zikanipanda. Mtu anaikataa pombe yangu, uani kwangu, na mwanangu anasikia akiwa ndani! Niliinuka niwaite niwape yao. Neno la kwanza likatoka. La pili likakosa hewa. Nikavuta pumzi, kifua hakikuinuka. Hakukuwa na maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi: nilikuwa kama nimefungwa kifuani kwa kitenge na mtu anazidi kukaza. Nikaanguka kando ya migomba. Niliogopa, jamani. Niliona ninakufa na jibu langu sijalitoa.

Mikono iliyoniinua ilikuwa ya Pancras. Alisikia kishindo, akageuka, akaona midomo yangu ilivyobadilika rangi. "Huyu hajamdharau mtu," akapiga kelele. "Huyu ni mgonjwa! Leteni gari!" Wakanikalisha katikati, maana kila waliponilaza nilikuwa napaliwa na mate yangu mwenyewe. Shingo nayo ilikuwa imekataa kubeba kichwa. Kutoka nyumbani mpaka juu kilimani mjini Ngara, Pancras alinishikilia kidevu kwa kiganja chake, na kila tulipopita bonde alikuwa ananiambia, "Vuta, mzee. Vuta tena."

Hospitali walinitia hewa kwa mpira wa puani, wakakesha nami. Kulipokucha akaja daktari, binti mdogo mwenye miwani, umri wa Priscila. Akaniuliza, "Mzee wangu, asubuhi unakuwaje? Na jioni?" Swali lilelile nililodhani wangenicheka! Akaniambia nitazame dari bila kupepesa. Nikatazama. Kope zikashuka taratibu kama pazia lililokatika kamba. Kisha akajaza barafu ndani ya glavu, akaiweka juu ya jicho langu baya, akangoja. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi. Speciosa akafanya ishara ya msalaba.

Daktari mwenyewe hakushangilia. Alituambia anashuku ni ugonjwa wa neva na misuli: neva inatuma agizo, misuli inalipokea vibaya, na kadiri unavyoitumia ndivyo inavyochoka. Vipimo vya kuhakikisha viko Mwanza. Akanikazia macho, akasema pumzi ikipungua tena nisingoje kesho wala nisingoje wakwe. Nilijua nani kamweleza habari za wakwe. Pancras alikuwa amesimama mlangoni, koti limekunjamana, hajalala.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema.

Nilicheka mpaka muuguzi akanigombeza.

Mwanza tulikwenda. Walichukua damu, walinipima na mashine zao, vipimo vingine wakasema vinapelekwa mbali zaidi, na mpaka leo neno lao ni lilelile, "tunashuku." Mimi nilidhani watu wenye elimu hiyo hawashuku, wanajua. Basi! Hata hivyo walinipa vidonge, na vidonge havikungoja uhakika. Nameza kimoja kabla ya kula, napumzika kidogo, halafu natafuna kama mtu mwingine yeyote. Ndizi nakula zilizopondwa. Nyama naila mwanzo wa mlo, taya likiwa bado lina nguvu zake. Kupalilia ni asubuhi, tena nimekaa kwenye kigoda, nikimaliza shina moja nasogeza kigoda. Majirani wamezoea. Anayepita ananisalimia na kuendelea, haniulizi tena kama nimelewa.

Hata ugomvi nimeupangia saa. Nagomba asubuhi tu. Mwenye kosa la jioni anangoja kesho, na kesho ikifika mara nyingi nimeshasahau alinikosea nini. Speciosa anasema ugonjwa huu ulichelewa, ungekuja tungali vijana. Nami namwambia acha kejeli zako, huku nacheka. Nisidanganye, ziko siku nakasirika na mwili huu hadi machozi. Lakini siku nyingi nimeridhika. Nakula, napumua, napigiwa kelele na mke wangu. Nitake nini zaidi?

Nilitaka kitu kimoja. Posa ilikuwa inaning'inia.

Juvenali alikuja na koti jipya. "Kaka," akasema, "wewe pumzika. Sauti yako si ya kutegemea. Siku hiyo nitajibu mimi, wakwe wataelewa."

Mashangazi wakakubali. Majirani wakakubali. Hata Speciosa akanyamaza, na Speciosa akinyamaza ujue amekubali. Walikuwa wananihurumia wote, hakuna hata mmoja aliyenikusudia mabaya, na bado nilijiona nimeshazikwa watu wanagawana nguo zangu. Nikampigia simu Pancras mwenyewe. Nikamwambia, mkwe, jioni mimi si mtu, na huyu binti nataka kumtoa kwa kinywa changu.

Hakuuliza maswali. "Tutakuja asubuhi," akasema.

Wakaja asubuhi kweli, umande haujakauka. Posa asubuhi! Murukulazo walitucheka, wakasema wakwe gani hawa wanaodamka kama wanawahi foleni ya kliniki. Pancras akasema pombe ingoje, kwanza maneno. Nilikuwa nimeshameza kidonge, nimevaa shati jeupe, kichwa kiko wima juu ya shingo yake. Nikajisemea, leo ni leo.

Sikuwa nimemweka Juvenali kwenye hesabu. Alisimama kuwakaribisha wageni. Akaanza na ukoo wetu ulikotoka, akaupitisha vilima vyote, akaja kwa babu, akarudi nyuma maana alikuwa amemsahau babu mwingine. Jua likapanda. Umande ukakauka. Nilikuwa nahisi nguvu zinaniponyoka kidogokidogo, na kumkatiza mtu anayewataja wazee ni mwiko. Speciosa akakohoa mara kadhaa. Juvenali akadhani anashangiliwa, akaongeza.

Alipokaa, msemaji wao akasimama. "Mzee Minani, tumekuja kumwomba Priscila. Umemtoa?"

"Nimemtoa," nikajibu, na sauti ilikuwa yangu.

Akauliza mara ya pili. "Nimemtoa." Safari hii ikapitia puani kidogo, lakini walisikia.

Akauliza mara ya tatu. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Ulimi ulikuwa umelala, taya limening'inia, na kope ya kushoto ikashuka. Nilijaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Ua mzima ukanitazama. Juvenali akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa upole kabisa, "Wakwe zetu, mawili mmeyasikia. La tatu, kwa niaba ya kaka yangu..."

"Kaa, ndugu yangu," Pancras akamwambia. "Hatukuja kwa Juvenali. Tumekuja kwa Minani." Kisha akanigeukia. "Mzee mwenzangu, pumzika. Sisi hatuna haraka."

Speciosa akaleta mto, akaniegemeza. Nikafumba macho. Nilitegemea kusikia minong'ono, viti vikisogezwa, mtu akiuliza saa. Sikusikia chochote. Walikaa. Wazee kwa vijana, wa kwao na wa kwetu, walikaa wakiningoja kama watu wanaongoja mvua iliyokwisha kuonekana mlimani. Pikipiki ikapita barabarani, ikaenda zake. Mtoto akalia kwa jirani, akabembelezwa, akanyamaza. Hakuna aliyekohoa, hata Juvenali, na mimi namjua Juvenali, kunyamaza kwake ni kazi kuliko kulima.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kukimbilia neno kabla mwenzangu hajamaliza lake. Sikujua kwamba watu wanaweza kumpa mtu kimya chote kile, na wasikidai.

Nilipofumbua macho, kope zilikuwa zimeinuka. Nikalipima taya, likasogea. Nikavuta pumzi, kifua kikainuka. Msemaji wao akaniona, akasimama tena, akauliza kana kwamba ndiyo kwanza anauliza, "Mzee Minani, umemtoa Priscila?"

"Nimemtoa," nikasema. "Mtunzeni."

Hilo la mwisho halikuwa kwenye desturi. Lilitoka lenyewe.

Kwa desturi binti hukaa ndani mpaka mashangazi wamwite, na akiitwa hutoka taratibu, kichwa kimeinama. Priscila hakungoja kuitwa. Alitoka mbio, kitenge mkononi, akapita katikati ya wakwe wake wote, akaja akakaa chini miguuni pangu, akaegemeza kichwa kwenye goti langu, akalia. Mashangazi wakashika vinywa. Aibu ilioje! Mtu wa kumkemea nilikuwa mimi. Nilikuwa na pumzi ya kutosha, na asubuhi ilikuwa haijaisha. Nikaweka mkono wangu kichwani kwake, nikauacha hapo.