Kiti cha Mlangoni

Kituo cha kugawia dawa kilifunguliwa katika bwalo la shule ya msingi, na mkuu wake alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi ambaye hajawahi kuongoza kitu zaidi ya zamu yake. Walimvika kizibao cha rangi ya chungwa, wakampa kipaza sauti na watu wa kuwatuma. Tangu siku hiyo hata waliomzoea walimwita Mkuu, naye akaitika.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Homa ya kifua ilikuwa imeushika mji. Aliye mzima alipewa vidonge vya kumkinga, aliye mgonjwa alipelekwa kwenye hema nyuma ya vyoo kungoja gari la hospitali, na aliyeishi na mgonjwa alitengwa darasani kwanza. Wa kuwachambua alikaa kwenye kiti nje ya mlango, chini ya turubai. Alipima joto la paji la uso, akauliza kama mtu anakohoa na kama nyumbani kwake kuna mgonjwa, kisha akamwonyesha pa kwenda. Kwa hiyo kila aliyekuwa na kikohozi alimkoholea yeye kwanza. Barakoa alivaa na vidonge alimeza, lakini hakuna aliyejidanganya kwamba hivyo vinatosha. Ndiyo maana utaratibu ulikuwa mtu akae pale nusu siku tu, kisha ahamishiwe meza za ndani.

Miongoni mwa waliojitolea alikuwepo wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe, msichana mwembamba ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Nyumbani walimwita Chiriku, na jina hilo likamfuata mpaka kituoni. Mama mkwe ndiye aliyemkabidhi.

"Huyu ni kitinda mimba wangu," alisema. "Nikimkataza atakuja tu, namjua. Lakini muweke ndani, mwanangu. Stoo huko, afungashe vidonge."

"Nimekuelewa, mama," Mkuu alijibu, na akamweka stoo.

Angekaa huko mpaka mwisho kama Mkuu asingepita siku moja nyuma ya dirisha la ofisi na kumsikia mlinzi wa geti akizungumza na karani.

"Wenye kituo chao wako stoo wanapigwa na feni," mlinzi alikuwa anasema. "Sisi watoto wa kambo ndio wa kukoholewa."

"Punguza sauti. Atakusikia."

"Akisikia atanifanya nini, atanihamishia nje? Si ndiko niliko."

Karani akacheka. Mkuu alisimama pale, masikio yakimwaka moto. Maneno ya mlinzi hayakuwa ya uongo, na hilo ndilo lililomuuma. Maisha yake yote alikuwa amewasema vibaya wakubwa wanaobebana na ndugu zao, na sasa kumbe yeye ndiye anayesemwa.

Asubuhi iliyofuata aliwapanga watu kama kawaida. Alipofika kwenye kiti cha nje alisema, "Mlangoni, Chiriku."

Mlinzi akatazama viatu vyake. Mkuu aliona heshima imepanda machoni mwa watu kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, na moyo wake ukafurahi.

Chiriku mwenyewe alichukua kipimajoto bila kinyongo. "Afadhali," alisema. "Stoo nilikuwa nabishana na makopo."

Na kusema kweli, kiti kile hakikuwahi kupata mtu kama yeye. Foleni iliyokuwa ikisukumana na kutukanana ilianza kucheka.

"Baba, paji la baridi hivi, umelala kwenye friji? Pita ndani. Shangazi, usiniinamie sana, nimeshaona ulivyopendeza. Wewe kaka, umepoa; ni mdomo wako tu wenye joto."

Aliyekutwa na homa hakumtania. Alimwambia polepole, "Njia yako ni hii, dada. Kuna maji ya kunywa na mkeka," na watu walikwenda bila ugomvi.

Mchana Mfamasia, aliyekuwa msaidizi wa Mkuu, alimfuata. Alikuwa mtu mzima, mkavu wa maneno.

"Mkuu, zamu yake imekwisha. Nani anaingia?"

Wakaanza kuhesabu watu. Karani ana pumu. Mwalimu wa darasa la pili ananyonyesha. Mwingine alisema wazi kwamba akipangwa pale atavua kizibao aende zake.

"Mwache amalize leo," Mkuu alisema. "Foleni imetulia."

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa pia. Mfamasia alikuja tena, safari hii akaufunga mlango wa ofisi.

"Angekuwa mtu baki ungeshamtoa."

"Ndiyo maana simtoi."

"Basi hujampanga kazi. Umemfanya tangazo."

Mkuu alijiambia kesho atamtoa, na alijua kwamba atakapomtoa tu mlinzi atapata la kusema. Jioni mama mkwe alipiga simu.

"Mdogo wako anarudi hoi. Anasema mnafungasha kweli kweli."

Kumbe Chiriku naye alikuwa amemficha mama yake. Mkuu akasema, "Ndiyo, mama. Stoo kazi ni nyingi."

Ilipofika siku ya kata ya kina mama mkwe kuchukua dawa, Chiriku alifika amejifunga kanga mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Hakumtania mlinzi getini. Aliketi kwenye kiti chake, akajielekezea kipimajoto kwenye paji la uso, akakitazama muda mrefu, kisha akamwita Mkuu.

"Wifi, hiki kimeharibika, au ni mimi?"

Kazini hakuwa akimwita wifi. Mkuu akaleta kipimajoto kingine. Kikasema yaleyale.

"Umeanza lini kukohoa?"

"Jana usiku. Kidogo tu." Chiriku alisimama mwenyewe, akiushikilia mgongo wa kiti. "Usimpigie mama. Atakuja leo kuchukua dawa, mtampa presha bure."

Akaenda kwenye hema, akajikaza asiyumbe mbele ya foleni. Mkuu alitamani kumshika mkono, lakini alikuwa amewafundisha wote kutomshika mgonjwa. Alipogeuka, kila mtu wa ndani alikuwa ameinamia meza yake. Hakumwita mtu. Alikifuta kiti kwa dawa, akaketi yeye.

Mama mkwe alifika jua likiwa utosini, amevaa gauni lake la kutokea. Kipimajoto kilisema ni mzima.

"Unakohoa, mama?"

"Sikohoi. Wakubwa nao siku hizi wanakaa nje?"

"Nyumbani kuna anayeumwa?"

"Nyumbani si unakujua? Wote wazima. Mdogo wako alikohoa usiku, vumbi la hiyo stoo yenu."

Watu walikuwa wamejipanga nyuma yake mpaka barabarani. Mkuu angeweza kumwonyesha ndani, apewe vidonge, arudi kwake na majirani.

"Hakuwa stoo, mama."

"Alikuwa wapi?"

"Hapa. Kwenye kiti hiki. Mimi ndiye niliyemweka."

Mama mkwe alikitazama kile kiti, miguu yake ya chuma na kitambaa kilichofungiwa mahali palipovunjika. Hakupandisha sauti. "Na sasa yuko wapi?"

"Hemani."

"Nipeleke."

"Siwezi. Ukiingia mle utatoka mgonjwa. Inabidi ukae darasani, tukuangalie."

"Nilikuomba kitu kimoja," mama mkwe alisema. Hakusubiri kuonyeshwa njia. Alikwenda darasani peke yake, akasimama dirishani.

Gari la hospitali lilikuja alasiri. Wagonjwa walipandishwa, wengine kwa machela, wengine kwa miguu yao, na Chiriku akakalishwa kwenye benchi upande wa dirisha. Gari lilipoanza kwenda getini, Mkuu alitoka chini ya turubai akasimama mbele yake. Dereva akafunga breki.

"Sogea karibu na darasa lile," Mkuu alisema. "Simama kidogo."

"Huku ndani kuna watu hawapumui vizuri, Mkuu."

"Kidogo tu."

Gari likasimama. Mama mkwe aliweka viganja vyake juu ya kioo cha darasa akaanza kuongea, akaongea mfululizo, na hakuna kilichosikika. Chiriku alimtazama. Alifungua mdomo, kikohozi kikamwinamisha, na alipoinuka hakujaribu tena. Aliinua mkono tu.

Kwenye foleni mama mmoja, ambaye mumewe alipelekwa hospitali wiki ile na hakurudi, alipaza sauti.

"Na wetu gari liliwasimamia?"

Karani alisimama mlangoni akisikiliza. Mlinzi naye alikuwa ameshika geti, nusu wazi, akingoja Mkuu atasema nini.

"Halikuwasimamia," Mkuu alisema. "Huyu ni wifi yangu."