Mashine Zinazosahau

Chumba cha intaneti cha Fundi kilikuwa na kompyuta tisa, na hakuna hata moja iliyokumbuka jana. Ndivyo alivyozitengeneza mwenyewe. Zilikuwa kuukuu, zimetupwa na ofisi, akafuta mfumo wa kuziendesha, ule wa kununua dukani, uliokuwa ukiingiwa na virusi kila wiki, akaweka mfumo huria, unaotengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wasiojuana na wasiomuuzia mtu. Ukizima, kila kilichofanyika kinafutika. Ukiwasha, mashine inaamka kama mtoto mchanga, haijui nani alikaa pale wala aliandika nini.

"Hapa mteja akiondoka, ameondoka na siri zake," Fundi alipenda kusema. "Hata mimi nikitaka kumchungulia, siwezi."

Mimi nilikuwa wa kaunta. Nimeishia darasa la saba, ila kusoma nasoma, na nina subira. Nilifungua saa mbili asubuhi, nikapangusa vioo kwa kitambaa kikavu, nikawaandikia barua wasiojua kuandika, na saa kumi na mbili jioni nikazima. Kuzima hakukuwa kwa mashine moja moja. Swichi kuu ilikuwa ukutani nyuma ya kaunta, kando ya kalamu tuliyoifunga kwa uzi kwa sababu wateja walikuwa wanaondoka na kalamu. Unaivuta chini, tisa zinalala pamoja. Siku ya kwanza kazini Fundi aliniambia, "Dada, saa yoyote nikikwambia zima, zima kwanza, maswali baadaye." Nikazoea. Miaka miwili mkono wangu ulikwenda kwenye ile swichi bila macho kuusindikiza.

Mashine ya sita, iliyo pembeni, kila Jumamosi saa nne ilikuwa ya mama yangu.

Kaka yangu alikuwa nchi ya mbali, analinda maghala. Walipofika tu, yeye na wenzake, kampuni ilichukua simu zao ikazifungia kabatini mpaka mkataba uishe, na mkataba ulibakiza miaka miwili. Jumamosi walipewa saa mbili za kupumzika kwenye chumba chenye kompyuta mbili, na kompyuta zile zilifunguliwa michezo tu. Kupiga simu hakuna, barua pepe hakuna. Sijui nani alimwonyesha ule mchezo wa mashamba. Kila anayecheza ana nyumba yake, bustani na geti, na ana mtu wake mdogo wa kutembea naye. Watu wadogo wakikutana wanaweza kuandikiana. Maneno yanatokea juu ya kichwa, halafu yanashuka chini ya kioo na kukaa pale kwa mistari mpaka utoke.

Mtu wa kaka alivaa kofia nyekundu. Akimwona wa kwetu getini, aliruka mara mbili. Hiyo ilikuwa shikamoo.

"Marahaba, baba," mama alikiambia kioo. Halafu akanigeukia. "Amekonda."

"Mama, huyo ni kikatuni. Wote wanafanana."

"Mimi ndiye niliyemzaa, wewe utaniambia? Muulize anakula nini."

Nikaandika. Kaka akajibu kwamba anakula wali mpaka umemchosha. Nikamsomea mama, maana mama hajui kusoma hata jina lake. Mama akacheka, akataka tumpandie maboga kwenye shamba lake ili abadilishe. Tulipanda maboga ya kwenye kompyuta, mama ameinama mbele, begi lake magotini, kama mtu aliyekaa sebuleni kwa mwanawe.

Mwanzoni mwa mwezi barua ya serikali ikaletwa. Fundi aliibandika ukutani, akaisoma kwa sauti ya kudharau. Michezo ya mtandaoni ingefungwa kwenye mtandao wote mwezi ukiisha, isipokuwa iliyo kwenye orodha yao. Kila chumba cha intaneti kiweke programu ya usimamizi, inayotunza kila mteja alichoandika na namba ya kitambulisho chake. Chumba kitakachokutwa na mchezo unachezwa bila programu hiyo, kitafungwa na mwenyewe ataondoka na wakaguzi. Na mwisho, kwa herufi ndogo: programu inafanya kazi kwenye mfumo wa kununua tu.

"Mnaona?" Fundi akasema. "Wanataka nivunje mlango wangu mwenyewe, halafu ninunue mlango wenye tundu lao."

Mwalimu mstaafu, aliyekuja kusoma magazeti kwenye mashine ya pili, akavua miwani. "Fundi, punguza maneno. Mjukuu wangu alikuwa wa tatu darasani. Leo ukimuuliza saba mara nane anakuangalia kama umemtukana. Vidole vinacheza hata usingizini. Hiyo michezo wacha ifungwe, tena wamechelewa."

"Mfungie wewe, Mwalimu! Ni mjukuu wako. Kwa nini mimi nisomewe barua zangu kwa sababu wewe umeshindwa kusema hapana nyumbani kwako?"

"Nimeshindwa, ndiyo," Mwalimu akasema polepole. "Na wengi tumeshindwa. Ndiyo maana serikali ipo."

Mshonaji wa duka la jirani alikuwa amesimama na karatasi mkononi, anasubiri printa. "Mimi siasa zenu sizijui. Mimi najua huu mfumo wa bure unanitia aibu. Nimeandika bei za sare vizuri hapa, nikapeleka kule kwa Tai kuchapa, herufi zimepandana kama kuku kwenye banda. Tai akacheka mpaka akafungua kola."

Tai ndiye aliyekuwa na chumba kingine cha intaneti, ng'ambo ya barabara, na tulimwita hivyo kwa sababu hata kwenye joto lile hakuvua tai shingoni.

"Tai ananunua kila kitu," Fundi akasema, "mpaka akili."

"Na printa yake inachapa," mshonaji akajibu. Tukacheka sote, hata Fundi.

Walipoondoka nikamsogelea. "Kaka Fundi, weka hiyo programu kwenye moja tu. Ya sita."

Alijua ni kwa ajili ya nani. Akachezea bisibisi mkononi. "Dada, nikikubali kwenye moja nitawaambia nini kuhusu hizo nane? Lakini mpaka mwisho wa mwezi hakuna anayemtoa mama yako kwenye kile kiti. Ninyi tafuteni njia nyingine kabla ya hapo."

Jumamosi ile nikamwandikia kaka kwamba mchezo unafungwa. Kofia nyekundu ikasimama bila kusogea. Nikamwandikia namba yangu kwa maneno, kwa sababu mchezo ulikuwa unageuza tarakimu kuwa nyota. Akajibu: nipige na nini? Kisha akasema kuna mpishi, mtu mwema, ana simu ya jikoni. Kupiga nje wameifungia, inapokea tu. Angemwomba namba. Mkipiga Jumamosi, akaandika, mpishi ataniita.

Jumamosi ya pili mpishi alikuwa na hofu. Jumamosi ya tatu mpishi alikuwa mgonjwa. Mama hakulala vizuri wiki ile. Kila asubuhi aliniuliza, "Umemkumbusha namba?" kana kwamba ningeweza kumkumbusha siku yoyote nikitaka.

Jumamosi ya mwisho zilibaki siku mbili mwezi uishe. Mama alivaa gauni lake la kijani, akawahi kabla sijafungua. Saa nne ikapita, geti la kaka limefungwa. Saa nne na nusu. Mama alishika ukingo wa meza. Saa tano kasoro kofia nyekundu ikatokea, ikaja mbio mpaka getini, ikaruka mara mbili.

"Marahaba, baba. Marahaba."

Kaka aliandika: *Nimepata. Chukua kalamu.*

Nikainuka. Simu yangu ilikuwa ya vitufe, haina kamera, na kalamu ilikuwa kaunta, hatua tano. Nilifika, nikaanza kufungua ule uzi. Fundo lilikuwa langu mwenyewe, nimelikaza mwezi uliopita.

"Njoo!" mama akaniita. "Anaongea! Leo anaongea sana!"

"Nakuja, mama. Yanakaa, hayaondoki."

Hapo Fundi akaingia kutoka barazani, uso umebadilika. "Wako kwa mshonaji, wanakuja. Zima!"

Nikazima.

Sikufikiri. Nimejiuliza mara nyingi kama nilifikiri hata kidogo, na jibu ni lile lile. Kalamu ilikuwa mkono wa kushoto, uzi unaning'inia, na wa kulia ulikwenda ukutani kama ulivyokwenda kila jioni kwa miaka miwili. Mashine tisa zikalala pamoja. Nikasikia feni zake zikipunguza mwendo, kisha kimya. Mama alikuwa bado anaangalia kioo cheusi.

"Amekwenda wapi?" akasema.

Wakaguzi walikuwa wawili, kijana mmoja mwenye faili na mwingine mwenye utepe wa kufungia milango. Hawakuwa wakali. Kijana alisalimia, akawasha mashine ya kwanza, akaangalia, akawasha ya pili. Zote zikaamka safi, hazijui kitu.

"Programu haipo," akasema.

"Siku zimebaki mbili," Fundi akajibu. "Na hujakuta mchezo."

"Siku zilikuwa za kuweka programu, mzee. Ungekuwa umeanza ningekuelewa. Hii hata haiingii humu." Akamgeukia mama. "Shikamoo, mama. Wewe ulikuwa unafanya nini hapa?"

Mama akamtazama. "Nilikuwa naamkiwa na mwanangu."

Kijana akaandika kitu, akafuta, akafunga faili. Fundi hawakuondoka naye. Mlango ndio waliufunga, utepe ukapigwa msalaba juu ya kufuli, na sisi tukabaki barazani na jua usoni.

Saa ya Fundi ilisema tano na robo. Saa za kaka za kupumzika ziliisha saa sita. Nikamshika mama mkono, tukavuka barabara kwenda kwa Tai.

Tai alinionea huruma, lazima niseme ukweli. Kwake programu ilikuwepo, na kwa siku mbili zilizobaki mtu mzima mwenye kitambulisho aliruhusiwa kucheza. Alipokea kitambulisho changu, akanikalisha kwenye mashine mpya inayong'aa. Nikaiwasha. Kioo kikawa cha bluu, kiduara kikawa kinazunguka, na chini pakaandikwa: *Mashine inajisasisha. Asilimia nne. Usizime.*

"Tai, hii ni nini?"

"Inajiboresha. Ikianza huwezi kuizuia."

"Nyingine?"

Akazunguka chumba kizima. "Zimeanza zote. Ni hiyo programu ya usimamizi inayozilazimisha." Akalegeza tai yake. "Haichukui muda, dada."

Asilimia kumi na nne. Kumi na tano. Mama alikaa pembeni yangu, midomo inacheza bila sauti. Nilidhani anasali.

"Unasemaje, mama?"

"Usinisemeshe. Nayashika kichwani."

Sikumwelewa wakati ule. Nilikuwa natazama namba. Ilifika asilimia tisini ikakaa hapo, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Mashine ilipofunguka ilikuwa saa sita na dakika tisa. Nikaandika neno la siri, nikakosea, nikaandika tena. Tukaingia.

Geti la kaka lilikuwa wazi. Siku zote akiondoka alilifunga, hata kama ni geti la mchezo. Ndivyo alivyo, hata nyumbani alirudi mara mbili kukagua komeo. Maboga yalikuwa yameiva, hakuna aliyeyachuma. Nikatembea mpaka mlangoni, nikazunguka nyumba yote. Chini ya kioo, pale penye mistari, palikuwa patupu.

Jumatatu nilirudi kwa Tai peke yangu. Ukurasa ulikuwa mweupe, na katikati maneno manne: *Huduma hii haipatikani hapa.*

Ni miezi saba sasa. Kampuni ya kaka ina namba moja ya ofisi, nimeipiga. Inajibu mashine, kwa lugha nisiyoijua, kisha inakata. Mwalimu husema mjukuu wake ameanza kushika kitabu, na ninamfurahia, kwa nini nisimfurahie. Fundi anatengeneza redio nyumbani kwake. Nilipokwenda kumsalimu alinionyesha mashine zake tisa, alizorudishiwa na wakaguzi, zimepangwa chini ya kitanda.

"Waliziangalia zote," akasema, na macho yake yakapata ule mng'ao wa zamani. "Hazikumwambia mtu kitu. Umeona?"

Nikasema nimeona.

Mama ndiye ninayeshindwa naye. Wakati mimi nafungua ule uzi, yeye alikuwa mbele ya kioo, na kaka aliandika namba yote, neno moja kila mstari. Mama aliihesabu. Mistari kumi. Aliyaangalia maneno kumi, moja baada ya jingine, kwa macho yake mazima. Kila Jumamosi saa nne huvaa gauni la kijani, akaketi mezani kwetu, akachovya kidole kwenye maji na kuchora.

"Hili lilianza na kitu kama ndoano," ananiambia. "Halafu viduara viwili. Au kimoja. Soma."

Ninainama naangalia. Ni mikunjo tu, na maji yanakauka kutoka pembeni kabla hajamaliza mstari wa pili.

"Soma, mwanangu. Wewe si umesoma?"

"Bado, mama. Chora tena."

Anachora tena. Jumamosi iliyopita kidole kikasimama katikati, akaniuliza jambo ambalo kwa miezi saba hakuwahi kuniuliza.

"Hivi siku ile, ni nani aliyezima?"

Meza ilikuwa imelowa. Nikachukua kitambaa, nikapangusa taratibu kutoka pembe hadi pembe, kama nilivyopangusa vile vioo.

"Wakaguzi, mama," nikasema. "Walizima wao."