Kikombe cha Mwalimu

Kikombe cha Mwalimu kilibaki kimejaa tena, na safari hii Kadogo alikuwa amekikodolea macho tangu chai ilipomiminwa.

Kadogo ndilo jina walilompa madaktari wenzake, maana ndiye aliyekuwa mdogo wao kwa umri na kwa kimo. Alitibu watoto wa watu, na wa kwake, aliyekuwa akiota meno, alihudhuria vikao mgongoni, akimlowesha mama bega kwa mate. Walikutania katika chumba cha figo cha hospitali ya umma, kwa kuwa hakikuwa na kazi tena: mashine ya kusafishia damu ilikufa zamani, ikafunikwa shuka, na birika likawekwa juu yake. Hapo ndipo walipopanga namna ya kuwabana wabunge wapitishe sheria ya matibabu kwa wote, mtu atibiwe kwa kuwa anaumwa, si kwa kuwa ana kitu.

Kila kikao kilianza kwa chai ya birika moja. Desturi hiyo aliianzisha Mwalimu mwenyewe, daktari mzee aliyewaongoza, enzi za ujana wake, yeye na wenzake walipokuwa wakisakwa na serikali kwa madai hayohayo. "Mpelelezi hana muda wa chai," alipenda kusema, na asiyekunywa alitiliwa shaka.

"Dada, umeona?" alinong'ona Usingizi, daktari wa nusukaputi. "Chai haigusi."

"Labda ameshiba."

"Kashibia wapi? Hapo ndipo penye swali."

Usingizi alikuwa amemwona Mwalimu kwa macho yake akiingia hospitali ya mlimani, ile ya wenye nacho, kwa mlango wa nyuma, upande wa dobi. Na wenye hospitali hiyo ndio waliokuwa wakiipinga sheria usiku na mchana. Isitoshe, Mwalimu aliwahamishia siku ya maandamano mara mbili: Jumatatu haimfai, Alhamisi haimfai. Tena na joto lote hili, mikono ya shati imefungwa hadi viganjani, kama mtu anayeficha kitu.

Kadogo hakutaka kuamini. Huyu ndiye aliyemfundisha kusikiliza kifua cha mtoto kabla ya kumsikiliza baba yake. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na shaka ikishaingia haibishi hodi mara ya pili.

Mwalimu akakohoa. "Bunge limetupangia kutusikiliza Alhamisi. Tuombe siku nyingine."

Kila mmoja alijua kuwa wabunge walikuwa wanafunga vikao wiki ileile. Kuomba siku nyingine ilikuwa kuizika sheria kwa mikono yao.

"Alhamisi una nini, Mwalimu?" aliuliza Kadogo.

"Shughuli," alisema mzee, akainuka na kutoka.

"Akirudi nina neno," Kadogo aliwaambia wenzake. "Nitalisema mbele yake." Lakini miguu haikumsubiri. Alimfuata ukumbini, akamkuta ameegemea ukuta karibu na bomba, akamshika mkono.

"Mwalimu, umeuzwa au umejiuza?"

Kabla Kadogo hajajibiwa, chini ya shati kidole gumba chake kilihisi kitu kikivuma, kama nyuki ndani ya chupa. Mshipa ule aliujua. Huunganishwa kwa upasuaji kwa mtu ambaye figo zimemshinda na damu yake husafishwa kwa mashine. Mtu wa namna hiyo maji huyanywa kwa kipimo. Huvaa mikono mirefu. Siku zake za mashine hazihamishiki. Dalili zote alikuwa ameziona yeye, daktari mzima, akazisoma kuwa ni usaliti.

"Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini, mwanangu? Kwamba mtetezi wa hospitali ya umma anatibiwa mlimani? Nilipoanza kuumwa, hii yetu ilikuwa imeshakufa. Ningeisubiri ifufuke?"

Mtoto alilishika sikio la mama yake, akalivuta. Kadogo alimwacha. Bado kulikuwa na kitu hakijakaa sawa.

"Na huko mlimani hawakuombi chochote?"

Mwalimu alichelewa kidogo. Kuchelewa huko ndiko kulikomuuma Kadogo.

"Waliniomba ninyamaze. Sijawajibu."

"Kuhamisha siku si jibu?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nikisema, mlango wa nyuma unafungwa. Unajua maana yake."

Alijua. Hakuwa na dawa ya jambo hilo mfukoni. "Usiposema, utafungwa kwa wote," alisema polepole. "Sema, na Alhamisi ukiwa kwenye mashine sisi tutakusemea bungeni, tena tutawapigia kelele mpaka waogope kuufunga. Tuko wengi kuliko enzi zenu."

Walirudi pamoja. Usingizi akajiweka sawa kitini. "Haya Kadogo, ulikuwa na neno."

"Neno langu ni kwamba Alhamisi ibaki Alhamisi."

Macho yote yakamgeukia Mwalimu. Kadogo naye alimtazama, na moyoni hakuwa na hakika naye, hata kidogo. Mzee alichukua kikombe, akapiga funda moja, akakirudisha. Kisha vidole vyake vikaenda kwenye kifungo cha mkono wa shati, vikasita, vikakifungua.

"Usingizi," alisema, akikunja shati, "njoo ushike hapa. Halafu uwaambie wenzako ni kitu gani."