Sega la Mlembe

Mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye asali, alitua kwenye tawi la mninga, akapiga kelele zake zinazofanana na za kiberiti kinachotikiswa. Fausta alimtazama kwa darubini ya mumewe, Rafaeli. Mkiani alikosa unyoya mmoja mweupe.

"Ni yuleyule," alisema.

"Shemeji, ndege hawa wote wanafanana," alijibu Hezron, mdogo wake Rafaeli, bila kuinua macho.

Rafaeli alikuwa akiwatembeza wageni waliokuja Ugalla kutazama ndege. Wageni wakiondoka, alirudi porini kurina asali. Mwaka jana, msimu kama huu, mvua zikiwa zimekwisha na majani ya miombo yakianza kukauka, alimfuata mlembe huyo na hakurudi. Walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Hapakuwa na kaburi wala matanga, na Fausta hakujua ajiite mke au mjane. Alitaka hata mfupa mmoja tu wa kuzika.

Warina asali wote wa huko humwachia mlembe sega, ndio ujira wake. Rafaeli alijiona mjanja kuliko wote. Aliyafukia masega na kuweka jiwe juu, ili ndege abaki na njaa na kumwongoza kwenye nyuki wengine. Jioni alisimulia hayo huku akicheka, na Fausta alicheka naye.

Mlembe aliruka, wakamfuata. Kila walipochelewa, alirudi kuwaita. Kadiri walivyoingia ndani, hondohondo waliopiga kelele tangu asubuhi walinyamaza, na hata upepo ukatulia. Ndipo ukasikika mluzi mbele yao, mrefu, wenye mkwaruzo mwishoni. Rafaeli alipiga mluzi hivyo tangu alipovunjika jino.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu," Hezron alisema upesi mno, akishika panga kwa mikono miwili.

Mlembe alitua juu ya mti wenye tundu lililofukizwa moshi. Chini yake palikuwa na jiwe, na udongo uliozunguka jiwe ulikuwa bado mbichi. Fausta alilisukuma, akafukua kwa vidole. Masega yalikuwa humo, yakichuruzika asali, hata siafu hawajayagusa.

"Shemeji, turudi nyumbani," Hezron alinong'ona. "Nakuomba."

Mluzi ulisikika tena. Mlembe akaruka kuelekea huko, akarudi, akalia kwa njaa.

"Nikimlisha, ataacha kutuongoza?"

"Ataacha."

"Na nisipomlisha?"

Hezron alitazama ulikotoka mluzi. Safari hii hakukana kwamba ameusikia. "Tutafika alipofika kaka. Halafu tutaendelea, kama yeye."

Fausta alikaa chini, sega mkononi. Alimpenda Rafaeli, na wakati huohuo alitamani kumzaba kibao. Mwaka mzima alikuwa ameomba aambiwe alipo, na sasa alipo palikuwa umbali wa kuitana tu. Aliwaza jinsi mumewe anavyotembea, miguu isiyo na ruhusa ya kupumzika, nyuma ya ndege asiyeshiba. Akaliweka sega juu ya jiwe, akajivuta nyuma.

Mlembe alishuka, akala nta taratibu. Alikula mpaka akatosheka, akapukuta mbawa, akaenda zake kimya.

Mluzi ukaita mara moja zaidi, karibu kabisa, kama mtu anayeuliza. Fausta alipeleka vidole mdomoni kuujibu. Vilinukia asali. Akavifuta kwenye kanga, akaishusha kichwani na kujifunga kiunoni, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msibani. Nyuma yake Hezron alivua kofia.