Nyumba ni ya Mke Wangu

Zaïnati wa Mutsamudu alikuwa mtu wa kuuliza. Walimu wenzake walimtania kwamba siku akizikwa atawauliza malaika wa kaburini kabla wao hawajamuuliza. Basi barua ya bima ilipokuja kusema kwamba bintiye Nouriat hatatibiwa kwa bima ya baba yake, hakulia kwanza. Aliuliza: lalamiko hupelekwa wapi?

Sikio la Nouriat lilikuwa likitoa usaha tangu Ramadhani, na sasa uvimbe ulikuwa umetokeza nyuma yake. Daktari alitaka mtoto apasuliwe Moroni, mji mkuu, ng'ambo ya bahari, upesi, maradhi yasije yakaingia kichwani. Hospitali ilikuwa ikingoja cheti cha bima tu. Bourhane, mumewe, karani wa forodha, alikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya bima hiyo, lakini alipoulizwa lalamiko lipelekwe wapi alijikuna kisogo. Wala mtu mwingine mjini hakujua. Zaïnati akajifunga shiromani yake, nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwao, akamchukua mtoto, akapanda boti.

Moroni walifikia kwa Faouzia, binti wa mama yake mdogo, mwanamke wa majibu ya haraka.

"Nenda kambini kwa wale wazungu," alisema Faouzia. "Mamluki ndio wenye nchi siku hizi. Wakikohoa, mawaziri wanameza dawa."

Zaïnati alienda, na nusu ya safari ile, tuseme kweli, ilikuwa ni kutaka kuona tu. Langoni palikuwa na mzungu mwenye sare nyeusi na miwani ya jua, na pembeni yake askari Mngazija. Alimweleza huyo askari habari za sikio mwanzo hadi mwisho. Askari alimsikiliza kwa huruma, kisha akainamisha kichwa.

"Rudi nyumbani, mama," alinong'ona, "kabla mzungu huyu hajaniuliza jina lako."

Aliondoka upesi, lakini hata alipokuwa akiondoka alijiuliza yule mzungu naye, akiumwa, hulipiwa na bima ya nani.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye ofisi ya bima yenyewe. Nouriat alikuwa ameamka na homa, shingo imekakamaa upande mmoja, na Zaïnati hakuwa tena na hamu ya kuchungulia malango ya watu. Dirishani alikaa karani aitwaye Charif, mwenye kofia iliyotariziwa vizuri na sauti ya taratibu.

"Lalamiko linapelekwa wapi?" aliuliza Zaïnati.

Charif alimtazama kana kwamba ameulizwa mvua inanunuliwa wapi. "Sijui, bweni," alijibu, akimwita bibi kwa lugha ya visiwani. "Hajapata kuja mtu na lalamiko."

"Basi niambie kwa nini mwanangu amekataliwa."

Charif alitafuta, akapata. Sheria ya bima, iliyoletwa kutoka Ufaransa kama ilivyo, ilimtambua tu mtoto anayeishi katika nyumba ya baba yake. Na Bourhane, alipoulizwa nyumba ni ya nani, alijibu: ya mke wangu.

"Angejibu nini kingine?" Zaïnati alipandisha sauti. "Nyumba nilijengewa na baba yangu, kama dada zangu wote. Bourhane aliingia na sanduku lake siku ya harusi. Angesema ni yake, mtaa mzima ungemcheka!"

"Sheria ni sheria, bweni."

"Na wewe jana umelala nyumba ya nani?"

"Ya mke wangu," alisema Charif.

"Na watoto wako ni wa nani?"

Charif alichukua karatasi, akaandika cheti cha Nouriat, akagonga muhuri na kukisukuma dirishani. Zaïnati alikishika kwa mikono miwili, furaha ikimpanda kifuani, na hapo hapo swali jingine likamtoka, maana hakujua kujizuia.

"Wengine uliowakataa kwa jibu hilihili, walifanya nini?"

"Walikwenda zao."

"Wote? Hakuna hata mmoja aliyeuliza?"

"Mmoja alikuwa dada yangu," alisema Charif. "Mwanawe alivunjika mguu. Nilimwambia sheria ni sheria. Mguu ukaunga vibaya, mtoto anachechemea hadi leo, na dada yangu hakunilaumu hata siku moja."

Zaïnati alijua kwa nini. Mwanamke aliyedhulumiwa mtoto wake hukimbilia kwa kaka yake. Mjomba ndiye wa kumpigania. Na mjomba mwenyewe ndiye huyu aliyekaa dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu atoke Mutsamudu, Zaïnati hakuwa na swali.

Charif alisimama, akafunga dirisha asubuhi ileile watu wakiwa bado kwenye foleni, akashika njia ya kwa dada yake.