Kizuizi cha Upepo Makambako

Usiku wa jana niliota vikombe vyetu vitatu vya chai vimepanda juu ya paa la jiko na vinakataa kushuka.

Vitatu, kwa sababu nyumba hii ilikuwa ya watu watatu: mimi, marehemu mke wangu, na binti yetu Ezelina. Leo asubuhi Ezelina alikuwa aondoke kwenda Mtwara kuanza kazi ya hali ya hewa, kusoma vipimo vya upepo kwenye uwanja wa ndege. Kana kwamba sisi wa Makambako upepo umetupungukia! Nilikuwa nimenuna wiki nzima, na nilishamwambia stendi simsindikizi.

Basi, vikombe vimelala ubavu kwenye ncha za vyuma vitatu, juu ya mlingoti, sawasawa na kile kipimaupepo alichonionyesha Ezelina kwenye picha. Chini yake kuna mshale wa bati. Upepo unavuma, kanga zinapepea kwenye kamba, lakini vikombe havizunguki.

"Kuna kizuizi," kinasema kikombe chenye maua. Hicho kilikuwa cha mke wangu.

"Kizuizi gani?"

"Wewe, Baba Ezelina."

Nakijibu kwamba mimi ni mfupi, mtaa mzima unajua.

"Hebu itazame miguu yako."

Naitazama. Iko chini kule, mbali, na bega langu limefika kilele cha mkaratusi wa jirani.

"Kila ukisema haendi, unarefuka," kinaeleza kikombe cha Ezelina. "Na sheria ya kipimo ni kwamba kizuizi kikae mbali mara kumi ya urefu wake."

"Haendi," nasema. Narefuka. Kunguru anayepita ananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba, maana adabu ni adabu.

Kikombe changu, chenye ufa, kimenipa kisogo. Kimenuna.

"Nikisogea," nauliza, "nitabaki na nani?"

Nilikuwa sijawahi kulisema swali hilo kwa sauti.

"Mimi nilisogea," kinasema kikombe chenye maua. "Na bado unanisikia. Sogea, Baba Ezelina."

Naanza kurudi kinyumenyume, ili nisiache kuitazama nyumba. Hatua moja niko uani, ya pili niko sokoni katikati ya mafungu ya viazi, na muuza viazi ananiomba ninyanyue mguu. Hatua nyingine niko relini. Nyumba imekuwa ndogo, ila vikombe bado naviona vizuri. Bado vimesimama.

Nakaa juu ya reli.

"Haya," nasema. "Aende."

Nafupika papo hapo hadi kimo changu cha siku zote. Kule juu ya paa vikombe vinaanza kuzunguka, taratibu, kisha kwa kasi, hadi maua hayaonekani tena. Nafurahi, na nalia, yote kwa pamoja.

Kisha mshale wa bati unageuka na kuninyooshea ncha yake usoni.

"Mbona unanisonta?" nauliza. "Si nimeshapisha?"

"Sikulaumu, mzee," unajibu mshale. "Mimi sionyeshi upepo unakokwenda. Naonyesha unakotoka, na huko ndiko upepo unakopata jina, kama kusi itokayo kusini. Hata ukivuma Mtwara."

Nikaamshwa na mlango. Ezelina alisimama kizingitini na begi lake, macho yamevimba, amekuja kuniaga hivyo hivyo, nikiwa nimenuna au sijanuna.

Badala ya kuniaga, alitazama miguu yangu iliyochomoza kwenye blanketi. Jana nilikuwa nimeinawa kwa maji ya moto na kupanda kitandani. Sasa ilikuwa na vumbi jekundu hadi vifundoni, na shuka nzima imechafuka.

"Baba," alisema polepole, "unatoka wapi?"

Nilishuka kitandani, nikachukua begi mkononi mwake.

"Twende," nikamwambia. "Nitakueleza njiani."